Jinsi msafiri wa pesa chache anavyoweza kuzuru Lisbon peke yake

WAHENGA walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Methali hii humwandama kila anayetoka kwao kwenda ugenini, lakini humkaba zaidi yule anayesafiri peke yake, asiye na mwenyeji wa kumpokea na ambaye mfukoni ana pesa za kuhesabu.

Kwa msafiri wa aina hiyo, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, una mambo mawili ya kumfaa. Kwanza, sehemu kubwa ya historia yake iko wazi barabarani na haina kiingilio. Pili, ni mji ambao habari zake zimefungamana na za pwani ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 500.

Mnamo Julai 8, 1497, merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga eneo la Belém, kandokando ya mto Tagus. Aprili 7, 1498 zilifika Mombasa, ambako pande mbili zilitazamana kwa shaka. Wiki moja baadaye zilitia nanga Malindi, na mtawala wa mji huo akawapa wageni rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Mwanafunzi wa Kenya husomeshwa kisa hicho kutoka upande wa pwani. Anayefika Lisbon hukikuta kimesimuliwa kutoka upande wa pili, tena kwa mawe, makaburi na dhahabu.

Hata hivyo, safari ya namna hiyo haianzi Lisbon. Huanzia nyumbani, kwenye hesabu.

HESABU KABLA YA SAFARI

Ureno ni mojawapo ya mataifa ya eneo la Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya hawezi kuingia huko bila viza. Tangu Juni 11, 2024, ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima ni euro 90, ambazo ni zaidi ya Sh12,000. Pesa hizo hazirudishwi ombi likikataliwa, na hapo ndipo wengi huumia.

Mwombaji hutakiwa pia kuwa na bima ya safari isiyopungua thamani ya euro 30,000, taarifa za benki, ithibati ya mahali atakapolala, na sababu za kuaminika za kurejea kwao kama vile kazi, masomo au biashara. Ombi huweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida uamuzi hutolewa katika muda wa siku 15, ingawa wakati mwingine husogea hadi 45.

Kutokana na hayo, ni busara msafiri asinunue tiketi ya ndege isiyorudishiwa pesa kabla ya kupata jibu. Vyumba vingi huweza kuwekwa na kufutwa bila malipo, na hivyo ndivyo vya kuambatanisha na ombi. Ajihadhari pia na madalali wanaoahidi viza ya uhakika. Hakuna wakala mwenye uwezo wa kuamua kwa niaba ya ubalozi.

Anayesafiri peke yake hana kiongozi wa kikundi wa kumjibia maswali mpakani. Nakala za karatasi zake zote zinafaa kuwa kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye simu pekee ambayo huenda ikaishiwa na moto. Aidha, tangu Oktoba 12, 2025 mataifa ya Schengen yalianza kuchukua alama za vidole na picha za wageni wanaoingia, ili kuhakikisha kwamba hakuna anayekaa zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180.

Msimu nao una uzito wake katika bajeti. Julai na Agosti ni miezi ya joto, umati na bei za juu. Kuanzia Novemba hadi Februari mvua hunyesha, lakini malazi hushuka bei. Mwenye kutaka kati na kati huchagua Machi au Oktoba.

MALAZI, NAULI NA CHAKULA

Malazi yanayomfaa msafiri wa pesa chache ni hosteli, ambamo hulipiwa kitanda badala ya chumba. Aliyewahi kulala bwenini atavitambua vitanda vya orofa na foleni ya bafu asubuhi. Aje na kufuli yake mwenyewe kwa ajili ya kabati, na achague hosteli yenye jikoni. Wanawake wanaosafiri peke yao huweza kuomba vyumba vya wanawake watupu, ambavyo hosteli nyingi huwa navyo.

Kunayo gharama moja ambayo wengi huisahau. Kuanzia Septemba 2024, kila mgeni mwenye umri wa miaka 13 na zaidi hutozwa kodi ya mji ya euro 4 kwa usiku mmoja, hadi usiku wa saba. Pale ambapo kitanda ni cha bei nafuu, kodi hiyo huonekana.

Uwanja wa ndege umeunganishwa na mji kwa treni ya chini ya ardhi, hivyo hapana haja ya teksi. Msafiri hununua kadi moja kwenye mashine, kisha huijaza pesa kwa matumizi ya treni, basi na tramu. Mwaka 2025, nauli ya safari moja kwa kadi hiyo ilikuwa chini ya euro 2. Anayelipa taslimu ndani ya tramu hutozwa zaidi.

Tramu nambari 28, inayopanda na kushuka mitaa ya kale, imekuwa maarufu kwa wageni na kwa wachomozi vilevile. Asubuhi na mapema huwa na nafasi. Kukipambazuka kabisa, ni afadhali kuifuata njia yake kwa miguu.

Kuhusu chakula, mikahawa midogo ya mitaani huandika nje sahani ya siku, iitwayo prato do dia, nayo huwa nafuu wakati wa mchana kuliko usiku. Mgeni atapata samaki, supu ya mboga za majani, mkate wenye nyama ya nguruwe uitwao bifana, na bacalhau, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa hata supu huweza kutiwa vipande vya soseji. Maji ya mfereji ni salama kunywa.

Mgeni akiketi tu, mhudumu humwekea mkate, zeituni na jibini. Si zawadi. Akivila atavikuta kwenye bili, na asipovigusa hatakiwi kuvilipia. Kusema hapana, asante si utovu wa adabu.

Papo hapo mezani, anayejua Kiswahili atagundua kwamba hayuko ugenini kabisa. Wareno huiita meza mesa, mvinyo huuita vinho, bendera huiita bandeira na kitambaa cha mkononi huitwa lenço, neno lililozaa leso. Maneno hayo yalisafiri kwa merikebu zile zile.

VILIMA NA MAWE YANAYOTELEZA

Husemwa kwamba Lisbon umejengwa juu ya vilima saba. Njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe na vyeusi ambavyo, kwa kukanyagwa miaka mingi, vimekuwa laini kama sabuni. Mvua ikinyesha huangusha watu. Viatu vyenye soli inayoshika ni muhimu kuliko koti la bei ghali.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mtaa wa Alfama, ulio chini ya ngome ya São Jorge. Jina la mtaa huo lina asili ya Kiarabu na linahusu chemchemi za maji ya moto. Neno hamamu la Kiswahili, lenye maana ya mahali pa kuogea, linatokana na mzizi huo huo. Si ajabu, kwa kuwa Waislamu walitawala hapa kwa zaidi ya miaka 400 hadi 1147, wakati Mfalme Afonso Henriques alipouteka mji kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kuelekea Nchi Takatifu.

Kuingia ngomeni hulipiwa. Hata hivyo, uwanda wa Portas do Sol na ule wa Santa Luzia, hatua chache chini yake, hauna malipo, na mtu huona kutoka hapo mapaa mekundu ya Alfama yakiteremka hadi mtoni. Ukutani pale Santa Luzia mna picha mbili za vigae vya samawati: moja ya kutekwa kwa ngome mwaka 1147, nyingine ya uwanja wa kifalme kabla ya tetemeko la 1755.

Wakati wa kupita vichochoro vya Alfama, msafiri anafaa kukumbuka kwamba nguo zilizoanikwa madirishani ni za watu walio na kazi asubuhi. Nyumba nyingi za hapa zimegeuzwa kuwa malazi ya watalii, kodi zikapanda na wakazi wa siku nyingi wakahama. Mwaka 2018 baraza la mji lilisimamisha utoaji wa leseni mpya za malazi hayo katika baadhi ya mitaa ya kale. Mgeni anayelala hostelini, anayenunua matunda kwenye duka la mtaa na kunyamaza usiku huwapunguzia wenyeji mzigo.

Alfama ndio mtaa wa kusikiliza fado, nyimbo za huzuni zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa tamaduni za binadamu. Mikahawa mikubwa hudai mgeni ale chakula cha bei. Katika vilabu vidogo, aghalabu kinywaji kimoja hutosha. Sharti kubwa ni kimya: taa zikififia na mwimbaji akisimama, hakuna anayezungumza.

ASUBUHI ILIYOUBOMOA MJI

Kutoka Alfama, msafiri huteremka hadi Baixa, mtaa wa bondeni. Hapo mambo hubadilika ghafla. Vichochoro huisha, na barabara huwa zimenyooka kama zilizochorwa kwa rula. Sababu ni msiba.

Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka kwa nguvu. Waliokimbilia ufuoni walikutwa na mawimbi ya tsunami, na mishumaa ya sikukuu ikasaidia kuwasha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Makadirio ya waliokufa hutofautiana, lakini ni makumi ya maelfu.

Waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, alisimamia ujenzi mpya. Wahandisi wake walibuni fremu za mbao zilizofichwa ndani ya kuta, mfano wa tundu la ndege, ili jengo liyumbe bila kuanguka. Ni miongoni mwa juhudi za mwanzo barani Ulaya za kujenga mji mzima kwa kuzingatia tetemeko.

Juu ya bonde hilo limesimama kanisa la Carmo, ambalo paa lake halikurudishwa. Nguzo na matao yake yameachwa chini ya anga tupu, na huonekana hata na asiyelipa kiingilio. Kwenye uwanja ulio mbele yake, Aprili 25, 1974, wanajeshi waasi walizingira kambi alimokuwa amejificha kiongozi wa serikali, Marcelo Caetano, wakishangiliwa na umati. Alisalimu amri jioni hiyo, na utawala wa kidikteta wa miaka 48 ukaisha.

Tukio hilo nalo linaigusa Afrika Mashariki. Askari wale walikuwa wamechoshwa na vita vya makoloni, vikiwemo vya Msumbiji, ambako FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa kikipigania uhuru. Msumbiji ilijitawala Juni 25, 1975. Daraja kubwa jekundu linalovuka mto Tagus, lililofunguliwa 1966 kwa jina la dikteta Salazar, tangu wakati huo limeitwa Aprili 25.

BELÉM NA DHAHABU YA KILWA

Siku ya pili inafaa kutengewa Belém, kilomita sita hivi magharibi mwa mji. Tramu nambari 15 hufika huko. Hapa ndipo Wareno waliposimulia safari zao kwa fahari.

Nyumba ya watawa ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel I, kwa kutumia kodi iliyotozwa bidhaa za Afrika na Bara Hindi, hasa viungo. Kanisani, karibu na mlango, amelazwa Vasco da Gama, ambaye alifariki Kochi, India, mwaka 1524. Mkabala wake ni kaburi la mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake uliochapishwa 1572 unazitaja Mombasa na Malindi, ya kwanza kama adui na ya pili kama rafiki.

Hatua chache kutoka hapo ni mnara wa mabaharia, wenye urefu wa mita 52, uliojengwa upya 1960. Chini yake, ramani ya dunia imechorwa kwa mawe sakafuni, na mtu huweza kuzikanyaga njia za merikebu bila kulipa. Ramani hiyo haionyeshi kilichowapata waliofikiwa na merikebu hizo. Haisemi kwamba mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliipora Kilwa, kisha kikaichoma Mombasa.

Kwa sababu hiyo, msafiri aliye na uwezo wa kununua tiketi moja tu ya makumbusho Lisbon anunue ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, yaliyo njiani kati ya Belém na katikati ya mji. Athibitishe kwanza siku za ufunguzi.

Humo mna chombo cha ibada cha dhahabu, chenye nakshi ndogondogo za mitume waliopiga magoti, kilichokamilika 1506 na kinachohusishwa na sonara Gil Vicente. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitishia kuushambulia mji huo hadi mtawala wake, Ibrahim, akakubali kulipa ushuru kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Malipo hayo ndiyo yaliyoyeyushwa na kufanywa chombo hicho.

Watalii wengi husifu ustadi wa sonara, na kwa hakika unastahili sifa. Lakini aliyewahi kuona magofu ya Kilwa Kisiwani husimama mbele ya kioo hicho na kuona jambo jingine: sehemu ya mali ya mji wa Waswahili, miaka mingi baada ya mji wenyewe kuwa gofu.

MTAA USIOTANGAZWA

Kutoka makumbusho hayo, matembezi mafupi kuelekea mashariki humfikisha msafiri kwenye barabara ya Poço dos Negros, yaani Kisima cha Weusi. Jina hilo hufungamanishwa na amri ya Mfalme Manuel ya mwaka 1515, kwamba lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, ambazo zilikuwa zikiachwa ovyo mjini. Katikati ya karne ya 16, karibu mtu mmoja kati ya kumi waliokaa Lisbon alikuwa mtumwa. Sheria ya kukataza kuingizwa kwa watumwa wapya Ureno bara ilikuja 1761.

Leo barabara hiyo ina mikahawa na maduka. Asiyejua maana ya jina lake huipita bila kusita.

USALAMA WA ALIYE PEKE YAKE

Lisbon ni mji salama ukilinganishwa na miji mingi mikuu, lakini mgeni wa peke yake hana wa kumlindia mkoba. Wachomozi huvizia kwenye tramu, lifti za mitaani na viwanja vya kutazamia mandhari. Pesa na pasipoti visikae mfuko mmoja. Pale Baixa, wanaume humnong'oneza mgeni kwamba wana dawa za kulevya. Jibu ni kuendelea kutembea. Nambari ya dharura ni 112, na haina malipo.

Jingine ni upweke. Jioni za kwanza huweza kuwa ndefu. Jikoni la hosteli aghalabu hulitatua hilo, kwani wapishi wawili wasiojuana huishia kuazimana chumvi. Hata hivyo, kuna faida ya kuwa peke yako: hakuna wa kumharakisha mtu anapotaka kusimama mbele ya kaburi au kioo kimoja kwa nusu saa.

Mwisho wa siku, kwa nauli ndogo ya kadi ile ile, feri kutoka Cais do Sodré humvusha msafiri hadi Cacilhas, ng'ambo ya mto. Kutoka majini, mji wote huonekana: ngome ya 1147, mapaa ya Alfama, barabara zilizonyooka za baada ya 1755, na upande wa magharibi, chini ya daraja, njia ya kuelekea baharini ilikopitia merikebu za 1497.

Kengele za makanisa zikilia jioni hiyo, Mswahili atakumbuka kwamba Wareno huliita kanisa igreja. Wataalamu wengi wa lugha huamini kwamba neno hilo lilipofika pwani ya Afrika Mashariki liligeuka kuwa gereza. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno Mombasa mwaka 1593 na yenye kanisa ndani yake, ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia 1895 hadi 1958. Huko Lisbon neno limebaki na maana ya nyumba ya sala. Pwani, limebaki na maana ambayo watu wake waliijua.